Nguvu 3500 mkononi: Ultimate Conductor Tyranno inastahili nakala ngapi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Deki yangu (rundo la kadi ninazochezea) ya mchezo wa kadi wa Yu-Gi-Oh! ni ya dinosaria tangu nianze kucheza. Nina nakala tatu za Ultimate Conductor Tyranno na zote zimo ndani. Mwenzangu ninayecheza naye ananicheka kila siku, anasema ile ni kadi ya sifa tu: nguvu 3500 zinazokaa mkononi bila kazi. Siwezi kumbishia sana, maana inanikwama kweli. Juzi nilifanikiwa kuitoa, mpinzani kabakiwa na pointi 2000 za uhai na zimwi moja tu la 1400. Nikalilaza kifudifudi (kadi uso chini), nikashambulia, nikamtoa 1000. Zamu iliyofuata akanimaliza. Je, kadi hii ni nzuri au ni jina? Niweke ngapi? Na nikirudisha Super Conductor Tyranno, ambayo angalau naweza kuiita kwa kafara ya mazimwi yangu, nitakuwa nimekosea?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hiyo mechi ya juzi, maana ulikuwa umeishinda na hukujua.

Mpinzani ana pointi 2000. Zimwi lake la 1400 liko chali (kadi uso juu), katika mkao wa kushambulia. 3500 ukitoa 1400 inabaki 2100. Ungeingia awamu ya mapambano bila kugusa kitu, ukaligonga zimwi hilo lilivyo, mchezo ulikuwa umekwisha. Wewe ukalilaza kifudifudi kwanza, kwa sababu umeshazoea kwamba hiyo ndiyo kazi ya kadi hii. Zimwi likishalala kifudifudi linakuwa katika mkao wa kujilinda, na hapo hesabu ni nyingine kabisa: Ultimate Conductor inamtoa mpinzani 1000, inalipeleka zimwi kaburini (kwenye rundo la kadi zilizokwisha kutumika), na pambano linaishia papo hapo bila nguvu kulinganishwa. Tena, ruhusa yake ya kushambulia mara nyingi ni kwa mazimwi tu. Ikishagonga zimwi haiwezi kugeuka ikampiga mpinzani mwenyewe, hata uwanja wake ukibaki mtupu. Kwa hiyo 1000 ndiyo ilikuwa mwisho wako siku hiyo, hata ungefanyaje.

Sasa rudi kwenye maandishi ya kadi utafute neno "unaweza". Kulaza ni hiari. Kutoa 1000 ni hiari. Mimi hutumia mpaka mmoja rahisi: 2500. Zimwi lililo katika mkao wa kushambulia likiwa na nguvu chini ya 2500, ukiligonga hivyo hivyo unamtoa mpinzani zaidi ya 1000. Likiwa juu ya 2500, kulilaza kunalipa zaidi. Likiwa 2500 kamili ni sawasawa. Yakiwa mengi, jumlisha pande zote mbili kabla ya kuamua. Ni hesabu ya sekunde kumi, na inaamua mechi nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Tuje kwa mwenzako. Anasema ni nguvu 3500 zinazokaa mkononi. Nusu ya maneno hayo ni kweli, na ile nusu nyingine inatokana na tabia ya zamani tuliyonayo wachezaji wengi, ya kuanza kusoma kadi kwenye namba za chini kulia. Tabia hiyo ina chanzo chake. Mchezo ulipoanza Japani mwaka 1999 na kufika Marekani mwaka 2002, mazimwi mengi hayakuwa na uwezo wowote. Uraby alikuwa na 1500, Two-Headed King Rex akawa na 1600, na hizo 100 za ziada ndizo zilizoamua nani anaingia kwenye deki. Kwa hali ile, kusoma namba kwanza kulikuwa na akili.

Lakini hata ndani ya ukoo wa dinosaria namba ziliacha kutosha mapema. Mchukue Sabersaurus: nyota nne (nyota ni ngazi ya zimwi), 1900 kwa 500 (nguvu kwa ulinzi), hana uwezo hata mmoja. Kuna wakati ambapo kadi hiyo ingekaa kwenye boksi bila mtu kuiuliza. Kisha akaja Evolzar Laggia, zimwi la Xyz (huundwa kwa mazimwi yenye nyota sawa) linalotaka dinosaria wawili wa nyota nne, ambalo likikaa uwanjani linaweza kufuta kadi ya spelli, ya mtego au hata wito wa zimwi la mpinzani. Na akaja Rescue Rabbit, ambaye unamfukuza kutoka uwanjani (anatolewa mchezoni, kaburini haendi), naye anaita kutoka kwenye deki mazimwi mawili ya kawaida, yaani yasiyo na uwezo, yenye jina moja. Sungura mmoja, Sabersaurus wawili, Laggia mmoja. Kufikia mwaka 2012 kila mtu aliyekuwa makini na mashindano alilazimika kujiandaa dhidi ya deki hiyo. Namba ya Sabersaurus haikuongezeka hata pointi moja. Kilichobadilika ni nani anamhitaji na anapatikanaje.

Ndiyo maana kadi yoyote ya dinosaria ninayopewa niipime, nguvu huziangalia mwisho. Kwanza nauliza inadai nini, kisha nauliza kama kile inachodai ningekitoa hata bila yenyewe. Ultimate Conductor ukiipima hivyo inakuwa kadi nyingine.

Hebu tuitandaze. Ilitoka mwaka 2017 katika deki iliyo tayari ya Dinosmasher's Fury, pamoja na Souleating Oviraptor. Nyota 10, sifa ya mwanga, 3500 kwa 3200. Haiitwi kwa wito wa kawaida wala haiwekwi kifudifudi. Inatoka mkononi kwa kufukuza dinosaria wawili kutoka kaburini kwako. Mara moja kwa zamu, katika awamu kuu, iwe yako au ya mpinzani, unaweza kuangamiza zimwi moja lililo mkononi au uwanjani kwako, na ukifanya hivyo mazimwi yote ya mpinzani yaliyo chali yanalala kifudifudi katika mkao wa kujilinda. Inaweza kushambulia kila zimwi la mpinzani mara moja moja. Na mwanzoni mwa hatua ya madhara (pale pambano linapohesabiwa), ikiwa inashambulia zimwi la mkao wa kujilinda, unaweza kumtoa mpinzani 1000 na kulipeleka zimwi hilo kaburini.

Inadai mambo mawili, basi. La kwanza ni dinosaria wawili waliokwisha kufa. Deki ya dinosaria inayojua kazi yake inajaza kaburi mapema kuliko karibu kitu kingine chochote inachofanya, kwa hiyo hawa wawili ni watu waliokwisha kula mshahara wao. Angalizo moja tu: chagua nani wa kufukuza. Miscellaneousaurus akiwa kaburini bado ana kazi ya kufanya (atajifukuza mwenyewe, peke yake au na wenzake, aite dinosaria mwingine kutoka kwenye deki). Ukimtumia kama nauli ya Ultimate Conductor kabla hajafanya kazi hiyo, umelipa kwa noti kubwa na chenji hupewi.

Jambo la pili, lile la kuangamiza zimwi lako, ndilo linalowatisha wageni. "Yaani niue la kwangu?" Ndiyo, na ufurahie. Babycerasaurus akiangamizwa na uwezo wa kadi na kupelekwa kaburini, anaita kutoka kwenye deki dinosaria wa nyota nne au pungufu. Petiteranodon akiangamizwa vivyo hivyo anaita wa nyota nne au zaidi, ingawa huyo hawezi kushambulia zamu hiyo. Wote wawili wanafanya hivyo hata wakiwa mkononi. Kwa hiyo kile kinachosomeka kama hasara ni mlango wa pili wa kuingia kwenye deki. Na tena, kuangamiza huko kumo ndani ya uwezo wenyewe, hakulipwi kabla. Mpinzani akijibu kwa Effect Veiler na kuuzima uwezo, mtoto wako (Babycerasaurus au Petiteranodon) hafi. Anabaki mkononi akisubiri siku nyingine.

Hapa ndipo swali lako la Super Conductor Tyranno linapojibika, na jibu ni fupi: usiirudishe. Ina nyota nane, kwa hiyo inataka kafara ya mazimwi mawili pamoja na wito wako mmoja wa kawaida wa zamu. Ikishasimama na 3300 zake, uwezo wake ni kutoa kafara zimwi moja ili mpinzani apoteze 1000, na ukifanya hivyo yenyewe haishambulii zamu hiyo. Yaani mazimwi matatu yameondoka uwanjani ili upate 1000. Na kuna jambo ambalo watu hulikosa: kutolewa kafara si kuangamizwa. Babycerasaurus ukimtoa kafara anakwenda kaburini kimya, haiti mtu. Kadi mbili zina majina ya kindugu, zote zina 1000 ndani yake, zote zinataka zimwi lako lifie njiani, lakini moja inakula wanao na nyingine inawazindua. Ukipenda, Ultimate Conductor ni Super Conductor na Ultimate Tyranno wa zamani (yule anayelazimika kushambulia mazimwi yote) wamewekwa kwenye kadi moja, kisha bei ikashushwa.

Black Tyranno, najua utaniuliza, ni hadithi ile ile. 2600, kafara mbili, halafu anampiga mpinzani moja kwa moja ikiwa tu mpinzani hana kitu kingine ila mazimwi ya mkao wa kujilinda. Mpe heshima ya uzee.

Nikuonyeshe zamu moja kwa karibu. Kaburini kwako kuna Oviraptor na Babycerasaurus. Mkononi una Ultimate Conductor, Petiteranodon na mtego mmoja. Uwanja wako mtupu. Ng'ambo kuna mazimwi matatu katika mkao wa kushambulia: la 2500, la 2800, na la Link (huundwa kwa kuunganisha mazimwi mengine) lenye 2300.

Unafukuza wale wawili, Ultimate Conductor inashuka. Unawasha uwezo, unamwangamiza Petiteranodon wa mkononi. La 2500 na la 2800 yanalala kifudifudi. La Link halilali, na hili nitalirudia. Petiteranodon anaita Oviraptor wa pili kutoka kwenye deki. Oviraptor akiitwa, kwa wito wa kawaida au wito maalumu kama huu, anachukua dinosaria mmoja kutoka kwenye deki, ama unamtia mkononi ama unampeleka kaburini. Tuseme unachukua Babycerasaurus mkononi. Unaingia mapambano. Ultimate Conductor inapiga la kwanza lililolala, 1000. La pili, 1000. Kisha la Link, 3500 kwa 2300, 1200. Jumla 3200 na ng'ambo hakuna kitu.

Mtu mwenye hesabu ya haraka ataniambia: bila kulaza, ningepata 1000, kisha 700, kisha 1200, jumla 2900. Tofauti ni 300 tu, ya nini kuhangaika? Ni kweli, na ndiyo maana nimechagua mfano huu. Faida haiko kwenye hizo 300. Iko kwenye Oviraptor aliyeshuka bure na Babycerasaurus aliyeingia mkononi. Iko pia kwenye ukimya: zimwi lililolala kifudifudi haliwezi kuwasha uwezo wake wa uwanjani ili kukuharibia mapambano. Na iko kwenye neno "kupeleka". Zimwi lenye maandishi ya kwamba haliangamizwi kwa pambano au kwa uwezo wa kadi halisaidiwi na maandishi hayo, kwa sababu hapa haliangamizwi, linapelekwa tu. Hata kulaza kwenyewe hakulengi zimwi fulani, hivyo yale yasiyolengeka nayo yanalala.

Kuna tamu nyingine ndogo humo. Mambo haya yanatokea mwanzoni kabisa mwa hatua ya madhara, kabla kadi iliyolala haijafunuliwa. Kwa hiyo zimwi ambalo kazi yake ni kufanya jambo linapofunuliwa linakwenda kaburini na siri yake. Wapinzani wengi hubisha hapo. Wape nafasi wasome kitabu cha sheria taratibu.

Sasa zamu ya mpinzani, ambako naona kadi hii inapata thamani yake halisi na ambako wachezaji wengi wa dinosaria wanaipoteza. Mkononi una Babycerasaurus kama risasi. Mpinzani anaita zimwi la kwanza. Unaona vidole vyako vinawasha. Tulia. Ukilaza sasa umelaza moja, naye ana kadi nyingine nne za kuendelea nazo. Anaita la pili. Hapa ndipo. Kila wito unapokamilika unapata nafasi ya kujibu, na hiyo ndiyo nafasi yako, kwa sababu akishaamua kuyaunganisha mawili hayo kuwa Link hutapata tena nafasi ya kuingilia katikati. Wito wa Link hauanzishi mnyororo, yaani mfuatano wa kadi zinazojibizana. Mazimwi yaliyolala kifudifudi hayawezi kutumika kama malighafi ya Link, wala ya Xyz, wala ya Synchro (aina nyingine ya zimwi la kuunganisha). Na zimwi lililoitwa zamu hii hii haliruhusiwi kubadilishwa mkao kwa mkono zamu hii hii, hivyo hawezi kuyainua. Yale aliyokuwa nayo tangu zamu iliyopita anaweza kuyainua, hilo usilisahau, na kama mezani kuna la zamani moja na jipya moja, hesabu kama kweli umemfunga au umemchelewesha kidogo tu.

Wakati huo huo Babycerasaurus wako amekwisha kuangamizwa, ameita Oviraptor wa tatu au yeyote umtakaye wa nyota nne kushuka chini. Ni zamu mpya, kwa hiyo uwezo wa Oviraptor uko huru tena: anachukua Ultimate Conductor ya pili kutoka kwenye deki. Tazama kaburi lako: Petiteranodon na Babycerasaurus. Wawili. Nauli ya zamu yako ijayo imeshalipwa na mpinzani akikutazama.

Nimekaa sana kwenye sifa, ngoja nikupe ubaya wake.

Mazimwi ya Link hayana ulinzi wala mkao wa kujilinda, kwa hiyo hayalali kifudifudi hata siku moja. Aina hiyo iliingia mchezoni mwaka 2017, mwaka ule ule kadi yako ilipotoka, na ni kama mtu aliyezaliwa siku moja na adui yake. Dhidi ya uwanja wenye mazimwi ya Link peke yake, nusu ya kadi yako haifanyi kazi. Unabaki na 3500 na ruhusa ya kupiga kila mmoja. Vibandiko vya mazimwi, vile vinavyoletwa na uwezo wa kadi nyingine, navyo havilali.

Haina kinga. Maandishi yote hayo na hakuna hata sentensi moja inayoilinda. Infinite Impermanence inaizima, zimwi Nibiru analiita mpinzani likaila pamoja na wenzake ukishaita mazimwi matano zamu hiyo, mtego wa kawaida wa kuangamiza unaimaliza. Miscellaneousaurus akitoka mkononi kwenda kaburini anawafunika dinosaria wako kwa awamu kuu hiyo, na hilo ndilo koti lake la mvua. Bila yeye, ichukulie kama zimwi la zamu moja na ushukuru ikiishi mbili. Ikifa, imekufa. Kwa jinsi ilivyoandikwa, haifufuki kwa kadi za kawaida za kufufua. Wala Petiteranodon hawezi kuiita kutoka kwenye deki, ingawa nyota 10 ni zaidi ya nne. Nimeona mtu akijaribu, na mpinzani wake akakubali, wote wawili wakakosea kwa furaha.

Na kaburi. Mpinzani akikuwekea Macro Cosmos au Dimension Shifter, kila kinachokufa kinafukuzwa badala ya kulala kaburini. Nauli haipatikani na watoto hawaiti mtu. Hapo mwenzako atakuwa na haki kabisa: 3500 zimekaa mkononi bila kazi. Hata Called by the Grave ikimtoa dinosaria mmoja kati ya wawili ulionao kaburini inatosha kukuvuruga zamu nzima.

Sasa idadi. Deki ya kadi 40, mkono wa kadi tano za mwanzo. Ukiweka nakala tatu, uwezekano wa kuanza na angalau moja ni asilimia 33.8, na wa kuanza na mbili au zaidi ni kama 3.6. Nakala mbili, 23.7. Nakala moja, 12.5. Watu husoma namba hizi wakitaka iwe kubwa. Kwa kadi hii unataka iwe ndogo. Mwanzo wa mchezo kaburi ni tupu, na tangu mwaka 2014 anayeanza havuti kadi zamu ya kwanza, kwa hiyo kati ya kadi tano tu za kuanzia, moja imekaa na kukutazama. Huku ndiko "kukwama" unakokulalamikia, na umekupanga mwenyewe ulipoweka tatu.

Kadi unayotaka kuanza nayo ni Oviraptor, au Fossil Dig inayomleta, kwani inachukua dinosaria yeyote wa nyota sita kushuka chini. Ultimate Conductor yenyewe Fossil Dig haiifikii. Lazima upite kwa Oviraptor. Kama orodha ya marufuku unayochezea inakuruhusu nakala tatu tatu, una njia sita, na uwezekano wa kuanza na angalau moja ni asilimia 57.7. Mpinzani akiwa na Ash Blossom atajaribu kuikata njia hiyo hapo hapo, ndiyo, lakini afadhali aitumie juu ya Fossil Dig kuliko uwe umeshika majitu mawili ya nyota 10 na huna cha kufanya nayo.

Kwa deki kama yako ningeweka mbili. Ya kwanza ni ile ambayo Oviraptor anaifuata. Ya pili ni ile uliyoiona kwenye mfano, inayoshuka zamu inayofuata kwa nauli ya watoto waliokufa, au inayokuokoa ile ya kwanza ikitolewa mapema. Ya tatu nimejaribu kuitafutia kazi mara nyingi na sijaiona.

Nafasi inayobaki ipe mtoto. Hesabu Babycerasaurus na Petiteranodon ulio nao kwa pamoja. Wakiwa chini ya watano, hapo ndipo penye tundu, kwa sababu Ultimate Conductor isiyo na wa kumwangamiza itakulazimisha ulipe kwa zimwi la maana, mara nyingi Oviraptor mwenyewe. Wakiwa watano au zaidi, weka Double Evolution Pill. Inafukuza dinosaria mmoja na zimwi jingine lisilo dinosaria, kutoka mkononi au kaburini, kisha inaita dinosaria wa nyota saba au zaidi kutoka mkononi au hata kwenye deki bila kujali masharti yake ya wito. Effect Veiler uliyemtumia zamu iliyopita amelala kaburini bila kazi. Hiyo ndiyo nusu ya nauli. Na Ultimate Conductor iliyokukwama mkononi tangu mwanzo inapata mlango wa pili wa kutokea.

Ukishabadilisha, cheza mechi kumi na mwenzako huyo huyo. Kila mara Ultimate Conductor inapokaa mkononi zamu mbili mfululizo, andika kaburini kulikuwa na dinosaria wangapi na mkononi watoto wangapi, uniletee karatasi hiyo.